Maswali yenu ya gari: spana za kuanzia nyumbani

Shikamoo fundi. Marehemu baba ameniachia Corolla ya mwaka 1994. Nataka kumwaga oili na kubadilisha plagi mwenyewe. Dukani nimeoneshwa seti ya vipande zaidi ya mia. Ninunue? (Binti wa Makorora, Tanga)

Marahaba mwanangu, Mungu amrehemu baba. Usinunue. Nusu ya seti ile hutaigusa, na hivyo vichache utakavyovihitaji kila mara huenda ndivyo vya chuma laini. Anza na gari kabla ya duka: fungua boneti, chungulia na uvunguni, uone nati zako ni za namba gani. Toyota ya umri huo sehemu kubwa inafunguka kwa spana za milimita 8, 10, 12, 14, 17 na 19, na nati za magurudumu kwa 21. Basi chukua spana hizo sita zenye ringi upande mmoja na flati upande wa pili, halafu boksi spana (vile vikombe vya kuvalisha nati) za namba hizohizo, racheti ya kuzizungushia na kiungio kirefu. Boksi la plagi linunue peke yake, lile lenye mpira ndani, maana plagi ikidondoka shimoni utajuta. Kabla ya kulipa hakikisha namba: plagi nyingi za zamani ni 21, za baadaye ni 16.

Jambo moja nakusisitizia. Boksi spana ziwe za pembe sita, siyo kumi na mbili. Ya pembe sita inashika ubavu wa nati, ile nyingine inashika kona. Kwa gari lililokaa Tanga miaka thelathini na hewa ya bahari, kona hizo zimeshaliwa na kutu, na nati ikishakuwa duara, kazi ya robo saa inageuka ya siku nzima. Spana malaya, ile ya mdomo unaorekebishwa, nayo iache kwa mabomba ya maji.

Mengine ni bisibisi mbili za nyota na mbili bapa, plaizi, nyundo, brashi ya waya, tochi ya kuvaa kichwani na beseni.

Jirani yangu Chumbageni hunyanyua gari kwa jeki kisha anapanga matofali ya simenti chini yake. Anasema stendi za chuma za kushikilia gari ni kupoteza pesa. Ni kweli?

Hapana, kaka, na tafadhali mwambie leo. Tofali la simenti, hasa lenye matundu, halitoi onyo. Linabeba, linabeba, kisha linapasuka ghafla. Jeki nayo ni ya kunyanyulia tu: sili yake ikivuja, gari linashuka na wewe uko chini. Kama pesa inatosha kitu kimoja, nunua stendi mbili kabla hata ya spana ya kwanza. Spana utaazima, kifua huazimi.

Gari liwe mahali tambarare, hendibreki juu, na magurudumu yanayobaki chini yazuiwe kwa vipande vya mbao mbele na nyuma. Nyua zetu nyingi ni mchanga, kwa hiyo weka ubao mnene na mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi. Likishakaa, lisukume kwa nguvu kutoka ubavuni. Likicheza, shusha uanze upya. Ndipo uingie uvunguni.

Nimepata Land Rover 109 iliyokuwa kwenye shamba la katani upande wa Muheza. Spana zangu za Toyota hazikai sawa. Nina kosa gani?

Huna kosa, bwana. Gari hilo ni la inchi. Spana chache za milimita zinakaribia: 19 inaingia kwenye 3/4, na 16 kwenye 5/8, kwa sababu tofauti ni ndogo mno. Lakini 9/16 ni milimita 14.29, kwa hiyo 14 haiingii na 15 inacheza. Nusu inchi ni 12.7, 13 inaingia, inalegea kidogo, na kwenye nati yenye kutu huo ulegevu kidogo ndio unaoila. Nunua spana za inchi kuanzia 7/16 hadi 3/4.

Kuna mtego wa pili. Land Rover za kabla ya 1971 zinachanganya mifumo, na humo utakutana na nati za Whitworth na BSF, vipimo vya kale vya Kiingereza. Spana yake iliyoandikwa 1/4 W haina mdomo wa robo inchi. Namba ile inataja unene wa bolti, na mdomo wenyewe ni milimita 13.3 hivi. Ukikuta spana hizo za kale kwa wazee wa gereji za Ngamiani, zichukue hata kama zimechakaa rangi.

Bolti zilizoganda zisuguliwe kwa brashi ya waya, zipakwe mafuta ya kulegeza kutu jioni, zilale nayo. Asubuhi kaza kidogo kwanza, ndipo ulegeze.

Toki renchi (spana ya kupimia nguvu ya kukaza) ni lazima?

Kwa oili, hapana. Kwa nati za magurudumu inasaidia, na kwa silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ni lazima. Nati za gurudumu la Corolla zinataka kukazwa kwa Nm (nyutoni-mita) 103, sawa na kuning'iniza kilo 21 kwenye ncha ya mpini wa nusu mita. Ukisimama juu ya spana kwa mguu umezidisha mno.

Ninaishi Raskazone. Spana zinashika kutu ndani ya miezi miwili.

Chumvi, dada. Futa kila moja kwa kitambaa chenye oili kidogo baada ya kazi, uzifunge kwenye turubai kavu. Mfuko wa plastiki unafungia unyevu ndani.

Oili chafu niimwage wapi?

Siyo mtaroni, maana mvua itaisukuma hadi baharini. Irudishe kwenye dumu lilelile la oili mpya, ufunge kifuniko, uwapelekee gereji inayokusanya.