Mnaoingia kidato cha tano, hesabuni mitumbwi kwanza

Wadogo zangu mnaoanza michepuo yenye kemia, PCB, PCM au CBG, hapa Mwanza, karibuni. Mimi ni fundi wa maabara, na jioni nafundisha tuisheni nyumbani Igoma. Wengi wanaonijia wanasema kemia imewashinda, lakini nikiwakalisha naona hesabu wanaiweza vizuri tu. Kinachowaangusha ni maneno. Atomi, molekuli, elementi, ayoni: kwao yote ni "vitu vidogo sana", basi wanachukua lolote lililo karibu.

Nami niliteleza hapo hapo. Kidato cha pili niliandika "molekuli ya chumvi" karatasi nzima, nikapigwa mstari mwekundu bila maelezo, nikatembea na kosa hilo hadi chuoni. Chumvi ya mezani haina molekuli. Ndani ya punje yake kuna ayoni, yaani atomi zenye chaji ya umeme: ayoni za sodiamu zenye chaji chanya na ayoni za kloridi zenye chaji hasi, zimepangana kama matofali ya ukuta; kila ya sodiamu imezungukwa na sita za kloridi, na kila ya kloridi na sita za sodiamu. Huwezi kunyooshea mbili kidole ukasema hizi ndizo mtu na mwenzake. NaCl, fomula ya chumvi, inakupa uwiano tu: ayoni moja ya sodiamu kwa moja ya kloridi. Sukari sasa, hiyo ina molekuli: kaboni 12, haidrojeni 22, oksijeni 11, jumla atomi 45, na zote zinabaki zimeshikana hata sukari ikishayeyuka kwenye chai. Chumvi ukiitia kwenye mchuzi, ayoni zake zinaachana, kila moja inakwenda na maji.

Halafu kuna namba. Naandika ubaoni 2H₂O, nauliza atomi za oksijeni ni ngapi. Nusu ya darasa: "Moja!" Hapo nafuta ubao nachora mitumbwi miwili, kama ile inayorudi na dagaa alfajiri. Kila mtumbwi una watu watatu, haidrojeni wawili na oksijeni mmoja. Namba kubwa ya mbele inahesabu mitumbwi. Namba ndogo ya chini inahesabu waliomo ndani ya mtumbwi mmoja, na ni ya yule aliyetangulia kuandikwa tu. Basi haidrojeni ni nne, oksijeni ni mbili. Mtumbwi wenyewe ndio molekuli, mtu mmoja mmoja ndiye atomi, na kabila la mtu ndilo elementi. Mkitaka kuongeza maji, ongezeni mitumbwi. Ukimpakia oksijeni wa pili ndani ya mtumbwi ule ule unapata H₂O₂, dawa inayotoa povu ukiitia kwenye kidonda, na hiyo haichemshiwi ugali.

Tukiwa kwenye ugali: maji yanapochemka, msiandike kwamba yametoa haidrojeni na oksijeni. Mvuke ule ni H₂O vilevile. Kilichokatika ni mvutano kati ya molekuli na molekuli, ule unaozishikilia pamoja sufuriani. Bondi za ndani, yaani viungo vinavyoshikanisha oksijeni na haidrojeni zake, hazijaguswa. Kwa hiyo kila ukikutana na neno "bondi", jiulize kwanza: ya ndani ya mtumbwi, au kamba inayofunga mtumbwi na mtumbwi?

Alama zisizofanana na majina zinatisha bila sababu. Dhahabu ya Geita inaandikwa Au kwa sababu Warumi waliiita aurum. Sodiamu ni Na kutoka natrium, chuma Fe kutoka ferrum. Hazifiki hata kumi na mbili, karirini jioni moja mmalize.

Mpangilio nao una neno lake, isoma, yaani atomi zile zile zilizopangwa tofauti, na hili msiliruke. C₂H₆O inaweza kuwa ethanoli, ile iliyomo kwenye gongo, inayochemka nyuzi 78. Atomi zile zile tisa, ukiiweka oksijeni katikati ya kaboni mbili, zinakuwa dimethili etha, ambayo ni gesi kwenye joto letu hili. Ndiyo maana nawafinyangisha molekuli kwa udongo na njiti za kiberiti. Wakubwa wa kidato cha sita wananicheka, kisha wanaomba njiti.

Mwandiko pia, jamani. Herufi ya kwanza ya alama ni kubwa, ya pili ni ndogo, na "l" ya klorini isomeke kuwa l. Co ni kobalti, metali ngumu. CO ni kabonimonoksaidi, gesi ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa madirisha. Kuna kijana aliniandikia "rangi ya buluu inatokana na CO", akikusudia kobalti. Nikamwambia basi leo usiku alale yeye na hilo jiko, mimi nitalala barazani.