Kwa Vijana Wapya wa Kikosi: Mambo ya Ugenini Niliyochoka Kuyarudia

Jumapili nilikaa kwenye benchi la ugenini, mfuko wa mipira mapajani, nikiwatazama mnafungwa mbili moja na timu ambayo mzunguko wa kwanza tuliipiga nne nyumbani. Sikusema kitu. Nahodha alidhani nimenuna kwa sababu ya matokeo. Matokeo nimeyazoea. Katika mpira wa mchangani nimefungwa kwa kila namna inayowezekana, mara moja hata kwa msaada wa mbwa aliyekatiza kwenye eneo la hatari. Mpira hakuugusa, ila beki wetu alimkaba yeye akamwacha mshambuliaji.

Kilichonifunga mdomo ni kwamba makosa yote mliyoyafanya niliwahi kuyafanya mimi, tena karibu kwa mpangilio uleule. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Namna ya kupiga pasi na ya kukaba mwachieni kocha. Haya ni yale mengine.

1. Saa ya kukutana.

Gari likipangwa kuondoka saa tano, saa tano si wakati wa kutafuta soksi. Jumapili tulianza tukiwa tisa. Mkamlalamikia refa eti hana huruma, hakuwasubiri wenzenu waliokuwa njiani. Sheria inataka wachezaji saba tu ili mechi ianze. Tisa kwake ni timu kamili na nyongeza. Wale wawili waliingia dakika ya 12, wamepasha misuli kwa kukimbia kutoka barabarani, na tayari tulikuwa nyuma kwa goli moja. Mshukuru kwamba majina yao nilishayaandika kwenye fomu. Katika ligi yetu ambaye hakuandikwa kabla ya mpira kuanza, akifika anakuwa shabiki, hata awe mfungaji bora.

2. Mfuko.

Aliyepewa mfuko wa jezi aufungue nyumbani kwake, asiufungulie kule. Vikinga ugoko kila mtu abebe vyake. Pete na hereni zivuliwe, na plasta haizihalalishi: kufunika kito kwa plasta kumekatazwa vilevile. Winga wetu aliiacha nafasi yake wazi dakika tatu nzima akivutana na pete iliyogoma kutoka kidoleni. Mwishowe akailainisha kwa mate. Na sijui kwa nini jambo hili tuligundue kila mara refa akishaweka filimbi mdomoni.

3. Uwanja wa watu.

Mkishashuka garini, weka simu ndani ya kiatu ulichovua, ingia uwanjani, tembea mstari hadi mstari. Upana wa uwanja kisheria unaweza kuwa popote kati ya mita 45 na 90. Wetu ni mpana. Ule wa Jumapili ulikuwa umekaribia ukomo wa chini, na kila kitu kilikuwa halali kabisa. Mawinga wetu wawili walishinda kipindi kizima cha kwanza wakikokota mpira nje, kisha wakiutazama mstari kana kwamba kuna mtu aliyeusogeza usiku.

Uwanja mwembamba maana yake ni hii: kila mpira wa kurusha karibu na goli lenu ni kona. Wenzetu wana kijana anayerusha hadi kwenye nguzo ya pili, na nina uhakika humfanyisha mazoezi hayo peke yake. Goli lao la kwanza lilianzia hapo. Yule wa mbele alikuwa amesimama nyuma ya mabeki wetu wote, na mabeki wetu wote wakainua mikono: "Ameotea!" Kwenye mpira wa kurusha hakuna kuotea. Kwenye goli kiki hakuna. Kwenye kona hakuna. Mnaucheza mchezo huu tangu mkiwa watoto, jamani.

Mkiwa bado mnatembea, angalieni jua litakuwa wapi kipindi cha pili. Nahodha wetu alishinda shilingi, akachagua kuanza mpira kwa mazoea. Tangu 2019 anayeshinda shilingi anachagua mwenyewe: aanze, au aamue atashambulia goli lipi. Wenzetu wakachukua upande bila kuulizana, na kipindi cha pili kipa wetu alicheza kiganja kikiwa kwenye paji la uso, kama mtu anayesubiri meli.

4. Sekunde nane.

Hili ni jipya, na kwa hili siwapigii kelele sana. Tangu msimu wa 2025, kipa akikaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde nane, wapinzani wanapewa kona. Refa huinua mkono na kuhesabu tano za mwisho kwa vidole, mbele ya macho ya kila mtu. Kipa wetu alimwona. Aliniambia alidhani anapungiwa. Kona ikapigwa, kichwa, mbili moja. Zilikuwa zimebaki dakika sita.

5. Mdomo.

Dakika ya 20 mpira ulitoka pembeni, karibu na mstari wa katikati. Refa akawapa wao. Nahodha wetu akamfuata. Refa akamwonyesha kwa mkono kwamba yameisha, naye akaendelea kumfuata. Akalimwa kadi ya njano, na kwa dakika zote zilizobaki beki wetu bora akawa anakaba kwa adabu, kama mgeni anayeogopa kuvunja vyombo.

Mimi niliangalia chini. Sasa nitawaambia kwa nini.

Miaka kumi na minne iliyopita nahodha nilikuwa mimi. Beki wa kati, sauti kubwa, mbio chache. Zilibaki mechi mbili msimu uishe, na siku ile ugenini tulihitaji sare. Hatukuhitaji kushinda, sare tu. Tulisafiri kumi na mmoja kamili, na kwenye benchi alikaa meneja peke yake na ndoo ya maji.

Dakika ya 14 mpira ukatoka pembeni. Katikati ya uwanja, mahali ambapo hata ukipewa huna la kuufanyia. Refa akawapa wao. Nikamwambia ni wetu. Akanyamaza. Nikamfuata nikamwambia tena, nikamuuliza kama anaona vizuri, na alipogeuka kunitazama nikampigia makofi. Hapo ndipo alipoitoa kadi. Hakuwa na hasira. Aliitoa kama mtu anayetoa kitambulisho.

Nikamnunia. Niliapa moyoni kwamba sitasema tena na mtu yule hadi filimbi ya mwisho, na nikajiona mtu mwenye msimamo. Wachezaji walipotaka kuuliza kitu, niliwaambia waulize wenyewe.

Tulifunga sisi kwanza. Wakasawazisha mapema kipindi cha pili. Moja moja, na moja moja ilitutosha. Ilipofika dakika ya 70, kipa wetu aliruka kupangua mpira wa chini, akatua vibaya kwa bega. Refa akaja akamuuliza kama anaweza kuendelea. Akasema anaweza. Alikuwa anasema uongo: mkono wa kushoto haukupanda kupita kiuno. Dakika tatu baadaye mpira ukabutuliwa nje, ukapotelea vichakani, mchezo ukasimama, watu wakaenda kuutafuta. Nikakimbilia golini. "Vua," nikamwambia. Tukabadilishana jezi pale nyuma ya nguzo. Ya kwake ilinibana mpaka kitovu kikawa nje. Nikavaa glovu. Refa alikuwa amegeukia upande wa pili akiongea na mshika kibendera, umbali wa hatua thelathini kutoka nilipo.

Sheria ya hilo niliijua nusu. Nilijua mchezaji wa ndani anaruhusiwa kubadilishana nafasi na kipa mchezo ukiwa umesimama. Ulikuwa umesimama. Nusu ya pili ni kwamba refa aambiwe kwanza. Sitadai kwamba sikuijua kabisa. Nadhani niliwahi kuisikia. Ila kuambia kungetaka nitembee zile hatua thelathini, nifungue mdomo, niseme, "Mwamuzi, tunabadilisha kipa." Na mimi nilikuwa sisemi naye.

Mpira ukarudi, mchezo ukaendelea. Likaja shuti, nikaruka, nikaupangua juu ya mwamba. Uokoaji mzuri kuliko wote niliowahi kuufanya maishani, na ndio pekee. Kama sekunde tatu hivi nilikuwa shujaa. Kisha filimbi. Refa akatuita wote wawili, mimi na kipa. Kwa kosa lile refa anauacha mchezo uendelee, mpira ukitoka ndipo anawaonya wote wawili. Akamwonyesha kipa njano. Akanionyesha mimi njano. Halafu akaingiza mkono mfuko wa nyuma.

Akasema jambo moja, kwa sauti ya chini: "Ungeniambia tu."

Nikaivua ile jezi. Kuivua kulikuwa kazi, na hakuna aliyecheka, jambo lililoniuma zaidi. Kipa alivalishwa na watu wawili, mkono mmoja ukipitishwa taratibu kama anavalishwa mtoto. Kona ikapigwa. Sihitaji kuwasimulia. Tulikuwa kumi, na goli letu, lenye upana wa mita 7.32, likilindwa na mtu wa mkono mmoja. Tatu moja. Nilipopita mbele ya benchi meneja hakuniambia lolote. Aliiinamisha ndoo, akayamwaga maji yote chini, akaanza kukunja kamba za koni. Tulishuka daraja kwa tofauti ya pointi moja.

Kwenye gari kipa alikaa kiti kimoja nami, mkono umefungwa kwa soksi. Tulipofika nusu ya njia akaniuliza: "Ule mpira wa kurusha, wa mwanzoni kabisa, kweli ulikuwa wetu?"

Nikamwambia ndiyo.

Haukuwa wetu. Ulinigusa soksi. Nilihisi ulipogusa, na nilipokuwa namfuata refa nilikuwa najua. Kipa yule bado ni rafiki yangu, bega lake hulalamika mvua ikikaribia, na mpaka leo sijamwambia. Akisoma hapa, basi, ndiyo hivyo.

Tuendelee.

6. Mengine, haraka haraka.

Anayezungumza na refa ni mmoja, na azungumze kama anaomba njia. Mapumziko hayazidi dakika 15, kwa hiyo kunywa maji kwanza, ugomvi baadaye. Mshika kibendera aliyetolewa na wenyeji ni binadamu. Cheza kana kwamba hatainua, utaumia mara chache. Ukiumia sema umeumia. Goli kiki siku hizi mpira ukipigwa na kusogea tayari uko mchezoni, hauhitaji kutoka eneo la hatari, kwa hiyo ukipewa pale karibu na kipa usisimame ukisubiri baraka. Nyasi zikiwa ndefu pasi zote ongeza nguvu. Msimamo wa ligi usisomwe kwa sauti garini, kwenda wala kurudi.

Na nahodha, usije kunieleza kuhusu ile ya Jumapili. Nilikuwa pembeni pale pale. Ulikugusa goti.

7. Mipira.

Wenyeji wakikupa mpira wa kupashia, ubonyeze. Upepo unaoruhusiwa ni kati ya 0.6 na 1.1 atimosfia, na mipira ya kupashia tuliyopewa Jumapili ilikuwa kama mito ya kulalia, halafu wa mechi ukawa mgumu kama nazi. Washambuliaji wetu walipiga juu ya goli hadi dakika ya 35. Kwa sababu hiyo nabeba mipira yetu na pampu kila safari, na kwa sababu hiyo nauliza: aliyeshuka na pampu yangu ni nani? Ni mmoja wa mabeki, nilimwona ameikalia. Pampu yenyewe naweza kuisamehe. Sindano yake nirudishiwe kabla ya Jumamosi.