Diski ya shingo imetokeza: je, ni lazima nipasuliwe?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani hapa Tukuyu, nina umri wa miaka 44. Kwa wiki tano sasa nina maumivu yanayoanzia shingoni na kushuka hadi mkono wa kulia, na kidole gumba pamoja na cha shahada vimeingia ganzi. Usiku napata nafuu nikilaza mkono juu ya kichwa. Kipimo cha MRI kimeonyesha kuwa diski (mto laini) iliyo kati ya pingili (mfupa wa shingo) ya tano na ya sita imetokeza. Shemeji yangu anasema nikipasuliwa nitapooza, na mama mkwe amenitafutia mkandaji wa kunivuta shingo. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Hilo la kulaza mkono kichwani limenieleza mengi, kwa sababu mkono ukiinuliwa, mzizi wa neva (mshipa wa fahamu) uliobanwa hulegea kidogo. Gumba na shahada huhudumiwa na neva ya sita ya shingo, ambayo hutokea hapo hapo kati ya pingili ya tano na ya sita. Kwa hiyo picha na mkono wako vinakubaliana.

Hata hivyo, picha peke yake haimpeleki mtu kwenye upasuaji. Huko Japani, watafiti waliwapiga picha watu 1,211 wasio na dalili yoyote, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa karibu 88 kati ya kila 100 walikuwa na diski za shingo zilizotokeza. Wagonjwa wengi wenye maumivu kama yako hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kupasuliwa.

Dawa za kutuliza maumivu na uvimbe, kama ibuprofeni, zitumike kwa siku chache na baada ya kula. Ukiwa na vidonda vya tumbo, shinikizo la damu au tatizo la figo, mwambie daktari kabla hujazimeza. Mazoezi uelekezwe na mtaalamu wa fiziotherapia, na kola ya shingo usiivae kwa wiki nyingi, maana misuli italegea. Inua cherehani au shusha kiti ili usishone ukiwa umeinamisha kichwa, na usimame kila baada ya nusu saa. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 unaokandamiza diski hiyo hiyo. Naomba wengine nyumbani wakusaidie kuteka maji hadi upone.

Kuhusu mkandaji, mshukuru mama mkwe kwa kukujali, lakini nakusihi usikubali mtu yeyote akuvute wala kukuzungusha shingo kwa nguvu. Kusuguliwa mabega taratibu hakuna ubaya.

Upasuaji huzungumzwa pale mkono unapozidi kuishiwa nguvu, au maumivu yanapokataa kuondoka licha ya matibabu. Kwa kawaida daktari hupitia mbele ya shingo, huondoa diski na kuunganisha pingili mbili; sauti inaweza kukwaruza na kumeza kukawa kugumu kwa muda. Kupooza kunaweza kutokea, ila ni nadra, na shemeji yako ajue kwamba ugwe wa uti wa mgongo (kamba kuu ya neva iliyo ndani ya pingili) ukibanwa na kuachwa hivyo, huko nako kunaweza kuleta ulemavu.

Kwa hiyo zichunguze kazi za mikono yako kila jioni. Ukiona huwezi tena kutunga uzi kwenye sindano au kufunga vifungo, mkasi unakuponyoka, miguu inayumba, au mkojo unatoka bila kujijua, usingoje kesho: nenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya siku hiyo hiyo. Homa, jasho la usiku na kukonda pia vitaje mapema, kwani kifua kikuu kinaweza kushambulia pingili. Yasipotokea hayo, endelea na mazoezi, na wiki ya 12 ikifika maumivu yakiwa yale yale, rudi kwa daktari na picha yako ya MRI ili uombe rufaa kwa bingwa wa upasuaji wa mishipa ya fahamu.