Latitudo ya madoa ya II Pegasi inarukaruka

Umeuliza kwa nini programu unayotumia kukadiria mahali pa madoa ya II Pegasi, nyota yenye madoa meusi, hukupa latitudo tofauti kila ukiiendesha. Hiyo si hitilafu. Grafu ya mwanga, yaani mng'ao wa nyota kadiri muda unavyopita, huonyesha longitudo ya doa. Latitudo haimo humo, ama imo kidogo mno. Doa la kwenye ncha inayotutazama halizami kamwe, hivyo hufifisha nyota kwa kiwango kilekile mzunguko mzima.

Kwa hiyo kinachonitia shaka ni kile kilele cha mng'ao katika grafu yako ulichokiita "nyota isiyo na doa". Tumia kilele cha juu kabisa katika kumbukumbu za miaka mingi, na hata hicho ni makadirio tu.

Mzunguko ni siku 6.72: usiunganishe data ya zaidi ya mizunguko mitatu, madoa hubadilika. Pima kwa vichujio V (mwanga unaoonekana) na I (karibu na infraredi) usiku uleule. Bonde la grafu, pale doa linapotuelekea, huwa na kina zaidi katika V, na tofauti hiyo ndiyo hukadiria joto la doa. Latitudo yenyewe inadai spektra, yaani mwanga wa nyota uliotawanywa kwa rangi zake.