Soya badala ya dagaa kwenye chakula cha sato

Inafaa, ila si soya mbichi. Mbichi ina vizuizi vya tripsini, kimeng'enya kinachosaga protini tumboni, ndiyo maana samaki anakula vizuri na bado anadumaa. Loweka usiku kucha, chemsha dakika 30, anika hadi punje ivunjike kwa kelele ukiing'ata, ndipo usage. Sato wa gramu 50 kwenda juu unaweza kumpunguzia dagaa hadi nusu. Vifaranga waachie dagaa wao, soya ina kidogo methionini, sehemu ya protini ambayo samaki anaihitaji ili akue. Ukitumia mashudu ya alizeti, yachekeche, maganda ni nyuzi tupu. Ya pamba yana gosipoli, sumu ya asili ya mbegu za pamba, usizidishe. Na hao dagaa wenyewe, wakianikwa mchangani, unalipia kilo za mchanga.