Kabla hujakata sauti ya mtu

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja aliingia studio kwangu na diski ya terabaiti mbili. Imejaa sauti za ngoma, kiki na sneya, na vinanda vya kila aina, na hajamaliza hata wimbo mmoja. Akauliza aongeze programu gani. Nikamwambia arudi siku atakayokuwa na sauti nne tu. Aliondoka amenuna.

Wadogo zangu mnaoanza kutengeneza biti, kila anayepita hapa namtajia mtu yule yule: Norman Cook wa Brighton, Uingereza, mnayemjua kama Fatboy Slim. Muziki wake unaitwa big beat. Ni mipigo ya ngoma iliyokatwa kwenye rekodi za zamani za fanki na hip hop, ikakandamizwa mpaka ikakwaruza, kisha juu yake besi chafu na maneno mawili matatu ya mtu yanayorudiwa hadi yanakuganda kichwani. Vyombo vyake vilikuwa kompyuta ya Atari ST, iliyokuwa imeshazeeka wakati yeye anavuma, na sampla ya Akai S950, yaani mashine ya kunasa na kukata vipande vya sauti, ambayo hata ukiiongezea kumbukumbu haifiki megabaiti 3. Picha moja ya simu yako inaweza isiingie humo. Ukibanwa kiasi hicho huweki sauti kwa sababu ipo. Unakata sekunde moja, unaisikiliza mara mia, unajiuliza kama inastahili nafasi. Ndiyo maana nilimtaka yule kijana sauti nne.

Kuhusu umri, tusisumbuane. Cook alizaliwa 1963. Alipiga besi kwenye The Housemartins, bendi ya magitaa ya Hull iliyovunjika 1988, akaja na kundi la Beats International, akapita kundi la Freak Power, akatumia na majina mengine. Albamu ya kwanza ya Fatboy Slim ilitoka 1996, ana miaka 33. Una miaka 19 na unanililia kwamba umechelewa?

Kinachonivutia zaidi ni kwamba prodyuza na DJ walikuwa mtu mmoja. Alipiga muziki Big Beat Boutique, usiku wa dansi wa klabuni palepale Brighton, mbele ya watu waliokuja kuruka. Spika za studio zinakupendelea, watu waliokuja kucheza hawana huruma. Mimi nilijifunza kwenye kitchen party moja Mbagala. Nilipenyeza biti yangu kati ya singeli na zilipendwa, akina mama wakaipokea vizuri, vitenge vikazunguka. Ilipofika dakika ya kwanza na sekunde kumi, mama mmoja akatazama kiti chake. Wa pili akakaa. Hapo ndipo nilipokuwa nimeweka kinanda peke yake, kipande nilichokipenda kuliko vyote, nilichohangaika nacho siku tatu. Usiku uleule nilikifuta. Siku hizi sipeleki biti kwa msanii kabla sijaipiga kwenye shughuli mbili, na sitazami wanaocheza, natazama viti.

Umati nao una hesabu zake. Tarehe 13 Julai 2002 Cook alipiga bure ufukweni Brighton. Walitarajiwa watu kama 60,000, wakaja kama 250,000, na wengi wakaumia. Alipopiga tena hapo Januari 2007, tiketi ziliuzwa kwa wakazi wa eneo lile tu. Ukialikwa kwenye tamasha la bure, uliza njia ya kutokea iko wapi kabla hujauliza malipo.

Sasa nije kwenye linalonikera. Mnakata sauti za watu kama mnachuma maembe ya njiani. Mwaka 1990 Beats International walishika namba moja Uingereza kwa wimbo ambao besi yake ilitoka kwa bendi ya The Clash. Paul Simonon, mtunzi wa besi ile, alidai chake, na Cook akalipa. Miaka tisa baadaye wimbo wake "Praise You" ukashika namba moja, na safari hii Camille Yarbrough, mwimbaji ambaye sauti yake ya mwaka 1975 ilikatwa humo, yumo kwenye orodha ya watunzi.

Mimi somo hilo sikulipata kwa Cook. Mwaka wangu wa tatu kazini nilikata kicheko cha bibi mmoja mwimbaji wa taarabu kutoka kaseti niliyonunua Kariakoo. Sekunde nne. Nikakipandisha hadi kikawa kama cha mtoto, nikajiambia nani atakijua. Biti ikachukuliwa kwa tangazo la sabuni redioni. Siku ya tano simu ikaita.

"Kaka, shikamoo. Yule anayecheka kwenye tangazo ni bibi yetu, tulimzika mwaka juzi. Mama kamsikia akiwa jikoni, sufuria ikamponyoka."

Hakufoka. Angefoka ningejua la kumjibu. Nilikwenda kwao, nikakalishwa mkekani, nikapewa chai, na nikalipa kwa mafungu matatu fedha nyingi kuliko nilizopata.

Kwa hiyo fanyeni hivi, na mfanye kabla ya kumiksi, maana biti ikishakolea hutaki tena kusikia neno hapana. Jueni kuna haki mbili: ya aliyetunga na ya mwenye rekodi, na mara nyingi si mtu mmoja. Andikeni kipande kinaanzia sekunde gani na kuishia ipi, mgawo ni asilimia ngapi, na kama matangazo yamo au hayamo. Hilo la matangazo ndilo lililoniumbua. Kisha msajili kazi yenu COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, nakala ya makubaliano mkiwa nayo mkononi.

Juzi yule kijana wa diski amerudi na sauti zake nne. Tatu kazipiga mwenyewe kwenye ndoo na meza. Ya nne ni muuza dagaa wa mtaani kwao akinadi, na biti nzima imekaa juu ya pumzi yake. Nikamuuliza kama mzee anajua. Akasema hupita saa kumi na mbili asubuhi, kesho atamsubiri mlangoni.