Jibu: Mbinu ya mwisho ya Saotome ni pigo au mzaha?

Ndugu, umeuliza kama ile mbinu ya mwisho ya ukoo wa Saotome kwenye Ranma ½, katuni ya Kijapani ya mapigano na vichekesho, ni pigo la kweli. Ni mbinu ya kweli, ingawa si pigo, na inachekesha vibaya sana! Ranma, shujaa wa hadithi, anaitangaza kwa kishindo, mpinzani anajikaza kulipokea pigo, mara Ranma anageuka na kutimua mbio. Ila hajasalimu amri: anakimbia huku akiwaza namna ya kushinda, kisha anarudi kupigana. Mimi naipenda kwa sababu hiyo hasa. Mtunzi wake, Rumiko Takahashi, anakuchekesha bila kumfanya shujaa wake mjinga. Cheki na mbinu ya Genma, baba yake Ranma: jina la kutisha la chui milia, kumbe ni kupiga magoti, paji chini, kuomba msamaha.